Kisima Laini cha Mama Claudia

Dominika alitwanga makopa ya muhogo, akachekecha unga, kisha akachota kidogo na kuusugua kwa vidole. "Laini," alijisemea. Hapo ndipo alipoliweka chekecheke chini.

Neno hilo halikumwisha mdomoni. Unga usio na chenga ni laini. Shavu la mwanawe Claudia ni laini. Khanga iliyofuliwa ikazoea mwili ni laini. Hata mpini wa jembe, ukishikwa miaka na miaka ukaacha kuchoma kiganja, nao ni laini. Kila kitu alikipima kwa mkono, na mkono wake haukumdanganya.

Kitu kimoja tu pale nyumbani kilimshinda: ukuta wa kisima.

Kijiji chao cha Chilangala kiko juu, maji yako bondeni. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na ndoo kichwani. Ndiyo maana mwaka uliopita mumewe, Nikolao, alichimba kisima kando ya nyumba ili kikinge maji ya mvua kutoka kwenye bati. Alipiga lipu mwenyewe, akaiacha ikauke vizuri, kisha akapaka saruji juu yake. Mvua ikanyesha, kisima kikajaa, majirani wakaja kukitazama. Lakini kabla mahindi hayajakomaa, kisima kikawa kikavu. Ardhi ilikuwa imeyanywa maji yote. Dominika akachukua ngata yake, akarudi bondeni.

Sasa alikuwa na mimba kubwa, na mvua zilikuwa karibu. Siku hizi wafanyabiashara walikuja na malori kununua korosho mpaka vijijini, kwa hiyo Nikolao aliuza mapema na kununua saruji Newala. Saruji hiyo ikiharibika, hawatapata nyingine mpaka msimu ujao. Dominika atapanda mlima ule na ndoo kichwani na mtoto mchanga mgongoni. Alilifikiria hilo kila alipofika katikati ya mlima na kusimama kupumua.

Safari hii Nikolao hakujaribu mwenyewe. Alimwita fundi Bwanali kutoka Newala, mzee mwembamba mwenye vidole virefu.

"Shikamoo, fundi," Dominika alimwamkia.

"Marahaba, Mama Claudia. Mgonjwa yuko wapi?"

Walimwonyesha. Bwanali akashuka ndani ya kisima kwa ngazi, akapitisha kiganja ukutani polepole. Dominika akampenda hapo hapo. Mtu huyu naye alipima kwa mkono. Saruji ilibanduka mbele yake kama ganda la muhogo uliochemshwa. Akauliza kama ilipakwa wakati lipu ikiwa bado mbichi. Nikolao akasema hapana. Akauliza tena kama baadaye waliumwagia ukuta maji.

Nikolao akacheka. "Maji ya kunywa yanatutoa roho, fundi. Nikaumwagie ukuta?"

Bwanali hakucheka. "Saruji haikauki kama udongo, Baba Claudia. Saruji inakomaa, na inakomaa kwa maji. Ukiinyima, inapasuka. Halafu maji yako yote yanapita kwenye nyufa."

Kazi ikaanza. Walibandua lipu ya zamani yote. Dominika alikuwa ametafuta mchanga mzuri kuliko wote, laini kama unga wake. Bwanali akaufikicha kiganjani, akamwonyesha: kiganja kilibaki chekundu.

"Huu una udongo, mama. Mchanga wa lipu uwe safi, tena ukwaruze."

Akaletewa mwingine. Alipopiga lipu ya kwanza, akaichanachana kwa kijiti. Dominika akadhani anaiharibu. Bwanali akamweleza kwamba lipu ya chini huachwa na mikwaruzo ili ya juu ipate pa kushika. Ulaini ni wa mwisho.

Na wa mwisho ukafika. Lipu ya juu ikiwa bado mbichi, fundi alikoroga saruji na maji mpaka ikawa kama uji. Mafundi huiita niru. Akaipaka kwa mwiko wa chuma, akikandamiza na kuvuta. Mwiko ulipopita, ukuta uling'aa. Dominika alisahau hata chungu jikoni. Aliwahi kuwaona wafinyanzi wakisugua vyungu kwa kijiwe kabla udongo haujakauka. Akaelewa mara moja kwa nini fundi hakusubiri lipu ikauke.

Kabla ya kuondoka, Bwanali aliwaagiza wafunike kisima kwa magunia na matawi, na waloweshe ukuta asubuhi na jioni mpaka wiki iishe.

Asubuhi ya kwanza pipa lilikuwa na maji ya ndoo moja tu. Nikolao aliyatazama, akasema labda waanze kesho. Dominika naye aliyatazama. Shingo yake iliyajua maji yale. Akayamimina kwenye ndoo, akachukua kopo, akashuka ngazi taratibu, akaunywesha ukuta mpaka ndoo ikaisha. Nikolao akachukua ndoo mbili, akaenda bondeni mwenyewe.

Jirani yao Cecilia hakuwaacha. Kila akipita aliuliza, "Mama Claudia, mwanao wa shimoni umeshamwogesha?"

"Nimeshamwogesha," Dominika alijibu. "Bado kumnyonyesha."

Wiki ikaisha. Dominika akapitisha kiganja ukutani, juu mpaka chini. Hakukuta ufa wala chenga.

Mvua ya kwanza waliiacha ioshe bati. Iliyofuata wakaielekeza kisimani, wakaweka mfuniko. Mtoto akazaliwa, akaanza kukaa, mahindi yakavunwa, kiangazi kikaingia. Maji yalikuwepo. Cecilia mwenyewe alikuja na ndoo, bila mzaha, kisha akauliza fundi yule anapatikana wapi.

Siku moja Dominika alikumbuka ngata yake. Akaikuta nyuma ya mlango, kuku ametagia ndani. Akaokota yai, akalipitisha shavuni.

"Laini," alisema.

"Kama kisima?" Nikolao aliuliza kutoka uani.

Dominika akafikiri kidogo. "Linajitahidi," alijibu, akalirudisha yai kwenye ngata.