Ng'ombe wa Watu

Ng'ombe thelathini na saba wa zizi la Sechelela walipangiwa kupunguzwa Jumanne saa nne asubuhi. Wangebaki watatu. Wengine wote wangeuawa, na hakuna mtu ambaye angekula hata kilo moja.

Mwenye kosa alikuwa mdogo wake, Mhandisi Chiteji. Yeye ndiye aliyejenga Kinu cha Nyama. Kinu kilisimama nje kidogo ya Dodoma, mapipa mia mbili ya kioo, kila moja refu kama nguzo ya umeme. Ndani ya kila pipa nyama ilikua katika maji ya vuguvugu, bila ngozi, bila kwato, bila macho. Chembe ya kwanza ilitolewa kwa sindano shingoni mwa fahali wa baba yao, na fahali mwenyewe akarudi kula majani. Kutokana na chembe ile Kinu kililisha jiji la watu milioni sita.

Watu walikuwa wamebishana miaka arobaini kama ni haki binadamu kula nyama. Kinu kikamaliza ubishi. Mwaka 2094 kuchinja kukapigwa marufuku nchi nzima, na Chiteji akalia kwa furaha, kwa sababu tangu utotoni alichukia sauti ya mbuzi anayejua kwamba anakufa.

Hakuuliza ng'ombe waliobaki watapelekwa wapi.

Bodi ya Malisho ikauliza, ikajijibu yenyewe. Ng'ombe asiyeliwa anamaliza majani, anamaliza maji, anachafua hewa bure. Kila kaya ibaki na watatu wa kumbukumbu, waliozidi "watulizwe". Ndilo neno walilolichagua. Wakaunda Mtulizaji, mashine yenye miguu sita na shingo ndefu, inayomgusa ng'ombe kwenye paji la uso naye akaanguka bila kuhisi kitu. Watu waliosema kuua ni dhambi waliipigia makofi.

Chiteji alifika kijijini Ibwagule Jumanne ileile, saa mbili. Dada yake alikuwa anakamua.

"Mbukwa, dada."

"Mbukwa. Umeleta nyama yako ya chupa, au leo utakula ugali na mlenda na sisi wakatili?"

"Sina muda wa utani. Bodi imekuandika ng'ombe thelathini na saba."

"Basi ndivyo."

"Baba alikuachia watatu."

Sechelela hakugeuka. "Ng'ombe huzaa."

"Dada, hawa ni ng'ombe wa watu."

Mkono ukasimama kwenye chuchu. Chiteji alikuwa amelijua hilo tangu akiwa mtoto, na alikuwa amelisahau kama mtu anavyosahau njia ya kisimani akishapata bomba. Kwao mtu hakai na ng'ombe wake wote. Anawagawa kwa marafiki, wawili huku, watatu kule, ili ukame au ugonjwa usimmalize siku moja. Na anayewekewa, akiulizwa na mgeni, hujibu neno moja tu: ni wangu. Kumtaja mwenye ng'ombe ni kumvua nguo mbele ya watu.

Afisa wa Bodi alikuwa mgeni. Alikuja mwezi uliopita na kinasa sauti, akauliza, na Sechelela akajibu kama mama yake alivyomfundisha.

"Ni wa kaya ngapi?" Chiteji akauliza.

"Unataka nitaje watu?"

"Ukiwataja wanapona! Kila kaya inaruhusiwa watatu wake. Unaelewa? Hakuna hata mmoja anayezidi!"

"Usinipigie kelele kwenye zizi la baba." Akasimama, kibuyu cha maziwa mkononi. "Miaka sitini nimekula nyama, Chiteji. Kila ng'ombe niliyemla nilimjua kwa jina, na siku hiyo hatukucheka. Wewe humo kwenye machupa yako unamjua nani? Mnaona haya kuua ili mle. Kuua ili mtupe hamwoni haya."

"Hilo si langu. Mimi nilitaka wazeeke kwa amani."

"Wamezeeka?"

Chiteji akatazama saa yake.

Saa nne kasoro robo Mtulizaji alishuka kwenye lori, na nyuma yake yule afisa wa Bodi, msichana anayeitwa Rehani, shangingi lake likiwa limejaa vumbi. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kwenye ua wa miiba. Wenye ng'ombe walikuwa humo humo, kila mtu akijifanya amekuja kutazama.

Chiteji akamweleza Rehani. Rehani akatikisa kichwa. "Mhandisi, sauti yake ipo." Akaiwasha. Sauti ya Sechelela ikatoka kavu: *Ni wangu wote.*

Ndipo Sechelela akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia Ibwagule. Alisimama mbele ya watu akataja. "Yule mwekundu na ndama wake, Mbijili. Wale watatu wa pembe fupi, mjane Mendwa. Yule wa madoa na mwenzake, Nyawaga." Akaendelea mpaka kaya kumi na mbili zikaisha. Nyawaga alifunika uso kwa shuka. Mtu mmoja akatema mate chini.

Mtulizaji akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Asante, mama. Tamko la kwanza ndilo halali. Kifungu cha tisa."

"Kifungu cha nani hicho?" Sechelela akamuuliza Rehani.

Rehani akamtazama Chiteji. Chiteji akatazama chini. Alikiandika yeye, ofisini, Bodi ilipomwomba, ili matajiri wasigawe mifugo kwenye majina ya uongo, kisha akakisahau. Mtu mmoja katika kikao alikuwa amemuuliza kama ng'ombe ni wa yule aliye naye. Alijibu ndiyo, kwa sababu jibu refu lingechelewesha chakula cha mchana.

"Chagua watatu, mama," Mtulizaji akasema.

Sechelela hakugusa hata mmoja wa kwake. Aliwatoa wale wa pembe fupi, watatu wa mjane Mendwa, akawafukuza nje ya zizi kwa fimbo. Kisha akakaa chini kwenye samadi, akawataja waliobaki kwa majina yao, mmoja mmoja, kadiri walivyoguswa. Chiteji akamshika bega.

"Toa mkono wako," akasema. "Nenda kale nyama yako ya chupa."

Saa tano kasoro robo wote walikuwa wamelala chini, wamekufa.

Ng'ombe thelathini na wanne. Nyama tani nne, ikafukiwa kwa chokaa. Kaya kumi na moja ambazo mpaka leo hazimwitikii Sechelela salamu. Maziwa, hakuna. Ndugu, alikuwa naye mmoja tu, na sasa hana.