Sweta la Siku Moja

Kila asubuhi, kabla ya chai, Chiriku alikuwa na kazi yake: kukunjua mafungu ya sufu na kuyazungusha kuwa madonge, bila fundo hata moja. Mama yake, fundi wa masweta ya shule, aliketi mbele ya mashine ya kufumia akisukuma mpini kulia na kushoto, kra, kra, na sweta likashuka polepole. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Likizo hiyo ya shule mashine ilinyamaza mara nyingi. Ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa duka kubwa la nguo zilizo tayari, na wateja walipita mbele ya kibanda chao bila kugeuza shingo.

"Baada ya wiki tatu shule zinafunguliwa," mama alisema. "Nisipopata kazi kabla ya hapo, mashine hii naiuza."

Ilikuwa mashine ya bibi. Chiriku aliacha donge lake likaviringika sakafuni.

"Mama, tuweke picha za masweta mtandaoni. Watu wote wako huko."

"Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa unataka nijitembeze?"

"Chema chajiuza kikionekana, mama. Chetu kimejificha nyuma ya pazia."

Mama alitabasamu kidogo, akampa simu. "Haya, mshindi wa maneno. Lakini uandike kilichopo."

Chiriku alifungua ukurasa, akapiga picha sweta lake mwenyewe la buluu, jipya, lililoning'inia kwenye msumari likisubiri shule. Siku tatu zikapita. Waliopenda picha ile walikuwa wawili: shangazi, na Chiriku mwenyewe. Akachungulia kurasa za wengine. Kila mmoja aliahidi maajabu. Basi naye akaandika chini ya picha: "Sweta lako tayari kwa siku moja."

Simu ikaanza kulia. Hadi jioni alikuwa ameandika vipimo vya watu kumi na tisa kwenye daftari. Mama aliposoma orodha alishika kifua. "Bibi yako angekuwepo leo," alisema, na macho yake yakang'aa. Hakuuliza wameahidiwa nini. Chiriku naye akafunga daftari haraka, akarudi kwenye madonge yake.

Asubuhi iliyofuata dereva wa lori alisimama mlangoni, binti yake kando akivuta sanduku la bweni.

"Fundi, nimefuata sweta la huyu. Shule yao ya bweni inafunguliwa mapema, na basi lao linaondoka leo saa nane mchana."

"Sweta gani, baba? Vipimo vyake nimeviona jana jioni tu."

Dereva akamnyooshea simu. "Si mmeandika wenyewe?"

Mama alisoma taratibu. Nyuma ya dereva walikuwa wamekwishasimama watu wengine wanne. Sweta moja la mama lilichukua siku mbili: ya kwanza kufuma, ya pili kuunganisha mikono, kufua na kupiga pasi. Chiriku alijua hivyo tangu akiwa anatambaa.

"Nilimaanisha... siku moja," alijitetea. "Yaani siku moja, Mungu akipenda."

"Hata mimi siku moja nitapaa angani," alisema mwanamke mmoja katika foleni. "Ila simwambii mtu akanisubiri juu."

Watu wakacheka, kicheko kikavu. Mama hakucheka.

"Nimekaa hapa miaka kumi na minne," alisema kwa sauti ya chini. "Nimewahi kuitwa mpole, nimewahi kuitwa mkaidi. Mwongo, sijawahi."

Maneno hayo yalimwingia Chiriku kama sindano ya mashine. Akasogea mbele.

"Ni mimi niliyeandika. Mama hakujua. Sweta letu ni la siku mbili, na mkiwa wengi mtasubiri zaidi. Nisameheni."

Wawili waliondoka papo hapo wakielekea dukani ng'ambo. Binti wa dereva alibaki akiangalia sanduku lake. Chiriku akamtazama mabega, kisha akautazama ukuta. Walikuwa kimo kimoja, na sare za shule zao zote mbili zilikuwa za buluu. Alilishusha sweta lake kutoka kwenye msumari, akampa mama. Mama naye akachukua mkasi mdogo akafumua nembo ya shule kifuani.

"Na wewe utavaa nini?" binti yule aliuliza.

"Nitavaa la mwaka jana. Mikono imefika kwenye viwiko, lakini nitakunja mikono nijifanye ndiyo mtindo."

Siku hiyo Chiriku aliwapigia wote waliobaki, mmoja mmoja, akawaambia ukweli. Wengine walimkatia simu. Kati ya kumi na tisa, sita walisema watasubiri. Mashine ikalia siku kumi na mbili mfululizo.

Jioni ya mwisho mama aliweka donge la sufu mapajani. Kwenye ukurasa dereva alikuwa ameandika: "Kwa fundi huyu walikiri kosa mbele yangu. Sweta lake halina mfano." Chini yake watu wapya walikuwa wakiuliza wafike lini.

"Ulisema kweli, mwanangu," mama alisema. "Chema hakijiuzi gizani, na mtandao ni taa. Lakini taa huonyesha kila kitu, hata uongo wako. Tangazo humleta mtu mlangoni mara ya kwanza. Kinachomrudisha ni kukuta ulichomwambia. Kesho tutaandika: sweta moja, siku mbili, mwenye haraka atusamehe."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akakumbuka paredi za asubuhi na baridi yake.

"Na langu, mama?"

Mama akaushika mpini, akausukuma kulia.

"Lako? Litakuwa tayari siku moja."