Mgongo wa Kimsan na Sarafu ya Bibi

Asubuhi ya Jumatatu, Kimsan alishindwa na shati.

Lilikuwa shati lake la kila siku, lisilo na ugomvi na mtu. Lakini mikono ilikataa kupanda. Mkewe, Sreyneang, aliacha kukoroga uji wa mchele, akaja kumvika.

"Inua mkono, baba."

"Si nimeinua?"

"Huo ndio mkono? Mimi nimeona kiwiko kikisalimia."

Jana yake Kimsan na wenzake walikuwa wamepiga makasia tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mtumbwi mrefu wa pagoda yao, hekalu la Kibudha la kijiji, ulikuwa ukiandaliwa kwa mashindano ya Sikukuu ya Maji. Jumamosi nahodha angechagua wapiga makasia. Kimsan alikuwa amekalia kiti cha mbele miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na nahodha alikuwa ameanza kumtazama kwa huruma. Huruma ile ilimuuma kuliko mabega.

Mama mkwe wake, Bibi Hoeun, aliujua ugonjwa huo bila kumgusa.

"Upepo mbaya umekuingia, mkwe wangu. Lala kifudifudi."

Alimpaka dawa ya kuchua, akashika sarafu yake ya zamani, akamkwangua ili upepo utoke, mpaka mgongo ukawa na mistari myekundu kama mkeka. Kisha akamwamuru alale kwenye bembea ya wavu kutwa nzima, asijitikise. Kimsan alitii. Nani atabishana na mama mkwe mwenye sarafu mkononi?

Ratanak, mdogo wake Sreyneang, naye alikuwa mpiga makasia. Alijitumbukiza kwenye pipa la maji ya barafu.

"Shemeji, mimi nafuata sayansi!" alipaza sauti, meno yakigongana. Alikaa nusu saa. Walipomtoa, midomo ilikuwa ya zambarau.

Jumanne Kimsan alijaribu kushuka kwenye bembea, akaanguka juu ya kuku. Kuku alipona. Sreyneang akaenda kumwita jirani yao Thavy, muuguzi wa kituo cha afya.

Thavy aliutazama mgongo. "Umepigana na nani, kaka?"

"Na mama mkwe."

"Mkojo wako una rangi gani?"

Bibi Hoeun alikohoa na kutazama dari.

"Wa kawaida tu," Kimsan alisema.

"Vizuri. Ungekuwa mweusi kama chai ya rangi, au mkono ungevimba sana, ningekupeleka kituoni sasa hivi. Haya ni maumivu ya misuli iliyofanyishwa kazi nzito kupita mazoea. Huanza kesho yake. Siku ya pili au ya tatu huwa makali zaidi, kisha hupungua yenyewe."

"Na sarafu yangu?" Bibi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeshtakiwa.

"Bibi, mkono wako unafariji. Mchue taratibu kwa kiganja, atapata nafuu. Lakini sarafu haifiki kwenye msuli. Inachubua ngozi, na vijidudu vinapata mlango."

"Barafu je?" Ratanak alidakia.

"Maji baridi hupunguza maumivu kwa muda. Dakika kumi zinatosha. Wewe si samaki wa sokoni."

"Basi nilale tu," alisema Kimsan.

"Usiku, ulale sana. Usingizi ndio fundi mkuu. Lakini kulala mchana kutwa kunakukaza. Tembea polepole, zungusha mabega. Kunywa maji. Kula wali kwa samaki na mayai, maana msuli unajijenga kwa chakula. Na mkipiga makasia kwa nguvu leo, kesho mpige kidogo."

"Hakuna sindano?" Kimsan aliuliza, amevunjika moyo.

"Hakuna."

Kuanzia jioni ile Kimsan alizunguka ukuta wa pagoda kwa miguu. Bibi Hoeun alimfuata nyuma na kopo la dawa, endapo upepo ungerudi. Nahodha alinung'unika aliposikia habari za mazoezi mepesi. Lakini nusu ya watu wake walikuwa wakivikwa mashati na wake zao, akakubali.

Jumamosi mtumbwi uliruka juu ya maji. Nahodha aliwatazama wote, kisha akaonyesha kidole.

"Kimsan, mbele." Hakuongeza neno, wala huruma.

Jumapili asubuhi mabega yaliuma kidogo. Kimsan alitembea, akanywa maji, akainua mikono yote miwili, shati likaingia.

Sreyneang alimtazama kutoka jikoni. "Umelivaa ndani nje."

Kimsan alilivua na kulivaa upya, polepole, ili kila mtu aone.