Ndoa ya Jumatano

Kama hujawahi kufika kwenye pampu ya mafuta ya bandari ya Split, Kroatia, Ijumaa saa kumi alasiri, mwezi wa Juni, shukuru Mungu. Siku hiyo boti zote za kukodi zinarudi, maana Jumamosi asubuhi wageni wa wiki nzima wanashuka na wengine wanapanda, na hakuna anayeruhusiwa kurudisha boti bila kujaza tangi. Basi boti themanini zinazunguka mbele ya pampu mbili, wageni walioungua mabega wameng'ang'ania usukani kwa woga, na kila mmoja anamfokea mwenzake kwa lugha yake.

Katikati ya vurugu hizo kilipenya kimashua cha mbao kilichosheheni maboya ya manjano. Aliyekiendesha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa suti ya kuzamia aliyoikunja hadi kiunoni, fulana nyeupe iliyolowa, na hereni moja tu. Ya pili ilikuwa imebaki chini ya bahari.

"Wee dada! Wee mwenye maboya! Foleni inaanzia kule nyuma!"

Aliyefoka alikuwa Nikša, msimamizi wa boti arobaini za kampuni moja ya kukodisha. Alikuwa peku, shati la kampuni limefunguliwa vifungo viwili, kalamu nyekundu imekaa nyuma ya sikio kama ya fundi seremala.

"Mimi nataka lita kumi tu, kaka," mwanamke alimjibu bila kugeuza shingo. "Wewe unataka mia mbili. Sasa hapo nani anamchelewesha nani?"

"Utaratibu ni utaratibu."

"Haya, na utaratibu gani unasema nanga ining'inie hivyo? Utamtoboa mtu jicho."

Nikša aligeuka. Kweli, mgeni wake, daktari wa meno kutoka Munich, alikuwa amebonyeza kitufe asichokijua, na nanga ilikuwa inashuka polepole kuelekea kwenye kimashua. Nikša alirukia kitufe huku akitukana kwa heshima, kama wanavyotukana watu wanaolipwa na wageni. Mzee Jere, muuza mafuta, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Nikša mwanangu, leo umempata kiboko yako! Mpishe binti wa watu."

Akampisha. Yule mwanamke alijaza lita zake kumi, akamtupia tabasamu la ushindi. "Naitwa Vinka. Ukitaka kugombana zaidi, kesho asubuhi nakunywa kahawa pale chini ya mitende."

"Kesho Jumamosi. Siwezi."

"Keshokutwa, basi. Ugomvi hauozi."

Huku kwetu kahawa moja inanyweka kwa saa mbili, na hakuna mhudumu atakayekukodolea macho. Jumapili ile wao walikaa kwa saa nne. Vinka alikuja na gauni la kitani la rangi ya samawati, nywele bado zimekakamaa kwa chumvi. Alimweleza habari za maboya yake: kumi na mawili, yamefungwa chini kwa skrubu ndefu katika ghuba ya Draga, upande wa pili wa kisiwa cha Šolta, ili boti zijifunge hapo badala ya kutupa nanga juu ya majani ya bahari.

"Nanga ikishuka inachimba, ikipanda inang'oa," alisema. "Na majani yale ndiyo nyumba ya samaki, ndiyo yanayoyafanya maji yawe safi hivyo, hayo mnayowauzia wageni. Unajua yanatambaa kiasi gani kwa mwaka?"

"Mita?"

"Sentimita mbili."

"Mbili! Hata kucha zangu zinakimbia kuliko hayo."

"Cheka tu. Nimehangaika miaka minne kupata kibali cha msimu mmoja. Septemba inakuja kamati. Wakikuta maboya yametumika na majani ni mazima, napewa ghuba nyingine sita. La sivyo nang'oa kila kitu na mimi naenda kutafuta kazi kwingine."

Nikša aliacha kucheka. Alitazama vidole vya Vinka vilivyochubuka kwa minyororo, na hapo hapo, mimi nakwambia, mtu alikwisha.

"Na wewe?" Vinka aliuliza. "Jumamosi huwa unafanya nini cha maana hivyo?"

"Kubadilisha wageni. Aprili mpaka Oktoba, kila Jumamosi ya Mungu. Harusi ya dada yangu nilifika keki imeshaliwa. Sisi watu wa boti hatuhudhurii harusi."

"Na yako je?"

"Yangu itakuwa Jumatano."

"Nani ataolewa Jumatano?"

"Anayependa ugomvi."

Vinka alimrushia kipakiti cha sukari, na kuanzia siku hiyo neno Jumatano likawa lao. Akimaliza simu alisema "Lala salama, bwana Jumatano." Naye Nikša kila asubuhi alimwachia ujumbe kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi za risiti, herufi zake zimelala upande mmoja kama zimepigwa na upepo: *Samaki wangu, kula kitu kabla ya kuzamia.* Vinka alizitunza zote kwenye kopo la biskuti.

Mwisho wa Juni mambo yakaharibika mara mbili. Kwanza, ngoma ya sikio la Vinka ilitoboka akiwa chini ya maji, na daktari akamkataza bahari mpaka Septemba. Pili, ripoti ya mwezi ilisema kwamba katika maboya kumi na mawili, kila usiku yalitumika matatu tu.

"Matatu, Nikša," alisema akilia, pamba imejaa sikioni. "Kamati watasema nani anayahitaji. Miaka minne yangu."

"Usilie, mpenzi. Wageni hawapajui tu."

"Nimebandika matangazo kila gati."

"Nani anasoma tangazo akiwa likizo? Niachie mimi."

Kila Jumamosi saa tisa Nikša aliwakusanya manahodha wa boti zake, akawatandazia ramani, akawaonyesha miamba, upepo na mahali pa kula. Jumamosi iliyofuata alichomoa kalamu nyekundu, na kwenye ramani ya kila boti, zote arobaini, akaizungushia Draga duara. Pembeni aliandika: *Hapa pana maboya. Msipakose.* Alisema kwa moyo wote, maana alikuwa anamsifia mpenzi wake, na wageni humjua mtu anayesema kwa moyo.

Hakumwambia Vinka. Alitaka iwe furaha ya ghafla.

Ikawa furaha kweli. "Kumi na mawili!" Vinka alipiga simu Julai tarehe nane. "Wiki nzima, yote kumi na mawili! Bwana Jumatano, unanisikia? Yamejaa!"

"Nilikwambia nini mimi?"

"Nakupenda. Nakupenda mpaka sikio linauma."

Ijumaa moja katikati ya Julai, Mholanzi mmoja mwenye ndevu nyeupe alirudisha boti. Alimshika Nikša mkono kwa shukrani. "Ile ghuba yako ni pepo ndogo. Maboya tulikuta yamejaa, lakini haikutusumbua. Tulitupa nanga tu, sisi na wengine kama ishirini."

Jioni hiyo Nikša alipanga kumwambia Vinka, na alipanga pia kuacha yale maduara. Lakini alipofika, Vinka alikuwa amepika wali mweusi wa wino wa ngisi, amevaa lile gauni la samawati, na meza nzima imejaa michoro ya ghuba sita mpya.

"Na majani?" aliuliza akimpakulia. "Hujasikia lolote kwa wageni?"

"Sijasikia baya lolote," alisema Nikša.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, msomaji wangu, kwenye sahani ya wali. Kesho yake Jumamosi akashika kalamu tena, kwa sababu akiacha, maboya yangerudi kuwa matatu na lile tabasamu lingezimika. Alijiambia ni mwezi mmoja na nusu tu, na kwamba majani ni majani, yataota.

Septemba tarehe tatu daktari alimruhusu Vinka kuzamia, siku moja kabla ya kamati. Alishuka peke yake. Uwanda wa majani aliouacha umefunga kama mkeka ulikuwa umechanika. Kulikuwa na mifereji mirefu ya mchanga mweupe, mizizi imelala juu chini, mapande mazima yameng'olewa na kuviringika. Alihesabu makovu arobaini na moja, kisha akashindwa kuendelea kwa sababu miwani ilikuwa imejaa machozi.

Alipopanda juu aliona boti moja imetupa nanga katikati ya ghuba. Aliogelea kuiendea kwa hasira. Mama mmoja mpole alimsaidia kupanda, akampa taulo na maji ya kunywa.

"Kwa nini mmetupa nanga hapa?" Vinka aliuliza akitweta.

"Lakini tumeelekezwa hapa," yule mama alisema kwa mshangao, akamletea ramani.

Vinka alitazama duara jekundu. Alitazama zile herufi zilizolala upande mmoja. Hakuhitaji kuuliza ni za nani, kwa maana alikuwa na kopo zima la herufi hizo nyumbani.

Alimkuta Nikša gatini, anakagua kamba.

"Bosi wako alikulipa nini kuiuza Draga?"

"Vinka, ngoja..."

"Ulitaka wateja wafurahi? Mimi nilikuwa boya lako la kumi na tatu, la kufungia boti zako?"

"Nilifanya kwa ajili yako! Ulikuwa unalia. Nilitaka tu yajae."

"Na yalipojaa?" Sauti yake ilishuka ghafla, na Nikša aliogopa zaidi. "Ulijua lini kwamba wanatupa nanga?"

"Julai."

"Tarehe?"

"Siku ile ya wali."

Vinka alimtazama kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu katikati ya umati. "Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, nikikupakulia chakula."

Aliondoka bila kugeuka nyuma. Nikša alipiga simu siku hiyo mara kumi na tisa. Hakuna aliyepokea.

Kamati ilifanya ilichopaswa kufanya. Draga ikafungwa kwa boti zote, maboya yakaamriwa yang'olewe, na zile ghuba sita zikawekwa kando. Mwisho wa Septemba Vinka alipata kazi Genova, Italia.

Kabla hajaondoka, boya moja liligoma kung'oka, na lilihitaji watu wawili. Mzee Jere ndiye aliyempigia Vinka. "Nina mtu mwenye mikono miwili na aibu nyingi. Utamtaka au hutamtaka?" Vinka alisema mlete.

Walifanya kazi asubuhi nzima, wakipokezana nyundo na bisibisi kubwa chini ya maji. Boya lilipotoka, Vinka alipigilia kigingi cha chuma mahali majani yanapoishia, ukingoni mwa kovu moja lenye upana wa mita moja na nusu. Kisha wakakaa kwenye kimashua, wamelowa, wakigawana mkate na dagaa wa chumvi.

"Nisamehe," Nikša alisema.

"Nimeshakusamehe. Ndiyo maana uko hapa."

"Basi usiende. Olewa nami Jumatano, Vinka. Jumatano yoyote. Hata hii inayokuja."

Vinka alicheka kidogo, halafu akalia, halafu akajifuta kwa mkono wenye chumvi. "Ungeniambia ile siku ya wali, ningelia wiki moja. Tungeweka maboya mengine, tungewafukuza kwa makasia, mimi na wewe. Na ungeniuliza swali hili ningesema ndiyo kabla hujalimaliza." Alitazama maji. "Sasa kila ukiniambia kitu kizuri nitajiuliza unanificha nini. Siwezi kuishi hivyo. Nakupenda, lakini siwezi."

"Nifanye nini?"

"Kila Oktoba, Jumapili ya kwanza, shuka upime majani yametambaa kiasi gani kutoka kwenye kigingi. Nipigie unieleze. Usiongeze, usipunguze."

Nikša aliomba kibali cha kuingia Draga, akapewa. Jumamosi zake nazo zilibadilika. Sasa aliwaambia manahodha watafute mabaka meupe, ambayo ni mchanga, na wasitupe nanga kwenye mabaka meusi hata jua liwe linazama, na wakikosa boya wageuze waende bandarini. Wageni wengine walinung'unika. Bosi alinung'unika pia.

Oktoba ya kwanza, mwaka uliofuata, alipiga simu akiwa bado anatetemeka kwa baridi.

"Ngapi?" Vinka aliuliza.

"Mbili."

"Umepima vizuri?"

"Mara tatu."

Ya pili ilikuwa sentimita nne na kitu kidogo, na waliongea saa nzima. Vinka alimwelezea jinsi watu wa Genova wanavyobishana, Nikša akamwambia Mzee Jere amestaafu na anakuja pampuni kila siku kumsimanga aliyempokea. Walicheka. Mwaka mzima uliofuata Nikša alitembea na kicheko hicho, na alinunua suruali mpya bila sababu yoyote.

Oktoba ya tatu bahari ilikuwa tulivu. Alipima, akapima tena. Alipokaa kwenye kimashua na kubonyeza namba, alitamani sana kusema kumi.

"Sita," alisema.

"Sita," Vinka alirudia polepole. Nyuma yake mlango ulifungwa na sauti ya mwanamume iliuliza kitu kwa Kiitaliano. "Nikša, naolewa."

Boti moja ilipita mbali, nje ya ghuba. Nikša aliisubiri iishe kupita.

"Lini?"

"Mei, tarehe kumi na tano."

Alikuwa mtu wa boti, hakuhitaji kalenda. "Hiyo Jumamosi."

"Ndiyo. Jumamosi."

"Sitaweza kuja."

"Najua. Unafurahi pamoja nami? Niambie kweli."

Nikša alijua jibu la adabu. Lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari mdomoni, na lingemfanya Vinka atabasamu.

"Hapana," alisema. "Sifurahi, Vinka. Sifurahi hata kidogo."

"Asante," Vinka alisema. "Mwakani upime tena."