Mlango wa Chumba cha Nne

Jua lilikuwa linazama Fundi seremala alipokatiza katikati ya kijiji na mlango kichwani. Tunakiita kijiji kwa mazoea tu. Tangu barabara ya lami ifike kutoka mjini, pale katikati pamechangamka mpaka watu wamesahau kunong'ona. Kinyozi ana spika mbili, muuza simu ana tatu, na fundi cherehani akitaka kumuuliza mteja kipimo cha kiuno sharti amvute sikio. Kupata chumba cha kupanga pale ni kazi ya miezi, na wenye nyumba wanalijua hilo vizuri.

Fundi alikuwa amepata. Tena chumba kinachotazama barabara, hatua ishirini kutoka karakana yake. Mkewe na binti yao wa miaka sita walikuwa wamekwisha kutangulia na magodoro. Kilichobaki ni mlango tu.

"Fundi."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ni mama mmoja mtu mzima, amejitanda nguo nyeusi, amesimama kando ya kibanda cha kinyozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huo mlango unaupeleka chumba cha nne?"

"Hapohapo. Umejuaje?"

Mama alinyoosha mkono, akaupapasa ule mlango taratibu, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala.

"Kwa hiyo unaurudisha," alisema.

"Naurudisha, mama."

"Vizuri. Amengoja sana."

Fundi alicheka. Alidhani anazungumziwa mkewe. Alipogeuza shingo amtazame vizuri, mama hayupo. Imebaki harufu tu. Mafuta ya nywele... na udongo uliolowa mvua.

Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili.

Sasa ngoja nikueleze habari ya mlango huo, maana Fundi mwenyewe asingekueleza hata umkabe koo. Chumba cha nne alikuwa amepanga msusi. Dada mpole, mwepesi wa vidole, alisukia watu palepale barazani na kila mtoto wa kike wa mtaa ule alipitia mikononi mwake. Mwenye nyumba, mzee aliyekuwa na vyumba vingi kuliko meno, alipoona barabara imefika akataka chumba kile kiwe duka. Msusi akamwomba amvumilie ajifungue kwanza. Tumbo lilikuwa kubwa, miguu imevimba, mume hajulikani aliko. Mzee hakubisha. Alichofanya ni kumwita Fundi.

"Mimi simfukuzi mtu," alimwambia. "Natengeneza mlango wangu. Mtu kutengeneza mlango wake ni kosa?"

Fundi akaenda na bisibisi. Alifungua bawaba moja baada ya nyingine, msusi amelala kitandani anamtazama.

"Unaupeleka wapi, Fundi?"

Naye, ili mambo yaishe upesi, akamjibu: "Naupeleka kuutengeneza, dada. Kesho kutwa nitaurudisha."

Yalikuwa masika. Mvua iliingia mle ndani kama iliyoalikwa. Wapangaji wenzake walimtundikia shuka mlangoni, upepo ukaichukua. Kila aliyepita barazani msusi alimuuliza neno moja tu: Fundi hajarudi? Siku ya tano walimkuta amejikunyata pembeni mwa ukuta, mikono juu ya tumbo, wa baridi yeye na aliyekuwa tumboni. Ndugu zake walikuja kumchukua. Fundi hakwenda kuzika. Alisema ana kazi nyingi.

Hapo ndipo ungedhani aibu ingemshika. Wapi! Duka halikushika, watu watatu walifungua na kufunga, wote wakilalamika kwamba bidhaa zinaota ukungu wakati wa kiangazi. Mzee akachoka, akampa Fundi chumba. Na Fundi, badala ya kuchonga mlango mpya, akautoa uleule uliokuwa umeegeshwa nyuma ya karakana, akaupaka rangi ya kijani. Ulikuwa wa mninga, mbao nzito isiyoliwa na mchwa. Seremala hawezi kuutupa mninga, hata umwambie umetoka kaburini.

Basi aliusimamisha jioni ileile. Mlango uliokaa nje ya fremu miezi kadhaa lazima upigwe randa, huvimba hapa, hupinda pale. Huu haukutaka randa. Uliingia kwenye fremu polepole... ukajifunga wenyewe.

"Umekaa vizuri," mkewe alisema.

Fundi alijifuta jasho.

Siku iliyofuata, saa ya kuwasha taa, hodi ilipigwa. Mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Akaitikia karibu, kama yeyote angefanya, akaenda kufungua. Barazani hapakuwa na mtu. Barabarani watu wanapita, muziki unapigwa, kinyozi anamnyoa mtu. Lakini kwenye saruji kavu palikuwa na nyayo. Nyayo ndogo, zimelowa maji.

Zilikuwa zinaingia.

Hakuna zilizotoka.

Jioni ya tatu ilikuwa zamu ya mtoto. Alikuwa ameamka kutoka usingizi wa mchana, mwili umechemka, na upande wa kushoto wa kichwa chake palikuwa na mistari mitatu ya nywele. Imesukwa myembamba, imenyooka, kazi ya mtu anayejua.

"Nani amekusuka?" mama yake aliuliza.

"Dada."

"Dada yupi, mwanangu?"

"Wa humu. Anasema humu ni kwake." Mtoto alijilaza tena. "Mikono yake ya baridi. Anasema akimaliza kichwa chote tutaondoka naye."

Mama alijaribu kuifumua. Kitana kilivunjika jino. Akajaribu na sindano, sindano ikapinda. Kesho yake mistari ilikuwa sita. Keshokutwa tisa, na homa imepanda, na mtoto sasa hali kitu. Dawa ya zahanati alikunywa, akatapika maji. Maji matupu, ya udongo.

Mke wa Fundi hakuwa mtu wa kukaa na jambo kifuani. Alikwenda kwa jirani wa chumba cha tano, akafunga mlango, akauliza. Aliporudi alisimama mbele ya mumewe.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Nilitumwa."

"Ulimkuta kitandani na tumbo vile. Ukamng'olea mlango."

"Mke wangu, mimi ni fundi. Mtu akiniita..."

"Nilipokuwa na ujauzito wa huyu, ulikuwa unaamka kunifunika miguu." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nakuona mtu. Sasa nakuchukia, na sijui nitaiweka wapi chuki yenyewe, maana mtoto anaumwa na sina mwingine wa kunisaidia."

Fundi alichukua bisibisi. Aliiweka kwenye skrubu ya bawaba ya juu, akazungusha robo.

Mtoto akapiga ukelele.

Akaacha. Akangoja. Akazungusha tena, kidogo sana... na mtoto akajikunja kitandani, ameshika kichwa, analia mpaka sauti inakatika. Mkewe alimnyang'anya bisibisi mkononi.

Kesho yake mistari ilikuwa kumi na miwili. Kilichobaki ni kipande cha kulia, juu ya sikio. Mahali pa mistari mitatu, si zaidi.

Fundi alishinda karakana ameketi juu ya gogo, asiguse msumeno. Jua liliposhuka aliisikia ile harufu kabla hajainua uso. Mafuta ya nywele. Udongo.

Yule mama wa nguo nyeusi alikuwa amesimama kwenye vumbi la mbao, na vumbi halikuwa na alama ya miguu yake.

"Binti yangu hana neno na wewe tena," alisema. "Ulimwambia utaurudisha. Umechelewa, lakini umeurudisha. Sasa yuko nyumbani."

Fundi alipiga magoti. "Mama, nakuomba. Mtoto hana kosa."

"Na wa kwake alikuwa na kosa gani?"

Fundi alilia tu, mtu mzima na ndevu zake.

"Aliyekutuma analala pazuri," mama aliendelea. "Nyumba kavu, mlango wa mninga, makomeo mawili. Mimi sina mikono ya kushika chuma. Wewe unayo."

"Niende nifanye nini?"

"Kazi yako."

Usidhani alisitasita. Kama yupo anayedhani angesitasita, basi hana mtoto. Alichukua bisibisi na nyundo, akapita katikati ya watu, akapita kwa muuza simu aliyemtania kwamba leo anakimbilia kazi ya nani, akafika kwa mwenye nyumba. Mzee alikuwa chumbani kwake, ameketi ukingoni mwa kitanda, anajikanda goti. Mlango ulikuwa wazi. Fundi hakupiga hodi. Alianza na bawaba ya chini.

"Fundi," mzee alisema. "Unafanya nini?"

Fundi hakuinua uso. Skrubu zilitoka laini, zenyewe kabisa, kama zimepakwa mafuta. Na maneno nayo yalimtoka vivyo hivyo.

"Naupeleka kuutengeneza, mzee. Kesho kutwa nitaurudisha."

Mzee alitabasamu kwanza. Halafu akakumbuka. Fundi aliliona tabasamu likimkauka usoni, na moyoni alisikia raha mbaya, raha ambayo hajawahi kumwambia mtu.

"Nani amekutuma?" mzee alinong'ona.

Upepo uliingia. Nje hapakuwa na upepo; miti ya barabarani ilikuwa imetulia, moshi wa vibanda unapanda wima. Lakini pazia la mzee lilinyanyuka mpaka darini, na kutoka darini likaanguka tone moja. Kisha la pili.

"Fundi, rudisha mlango."

Fundi aliubeba kichwani, akaondoka. Nyuma yake alimsikia mzee akisema na mtu, kwa upole, kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha mpangaji yeyote. Alikuwa akimsihi aketi.

Kiangazi kile, joto la kuchemsha paa, mwenye nyumba alikufa kwa baridi. Ilichukua siku tano. Wanawe walimletea mlango mpya, ukapasuka katikati. Wakaleta wa chuma, bawaba zikakatika mbili kwa mpigo. Wakamhamishia chumba kingine, na mlango wa huko ukaanguka kabla hajalazwa. Walimrundikia blanketi nane. Kila asubuhi zilikuwa zimelowa, zinakamuliwa uani, na watu wakatazama maji yale yakitiririka mpaka barabarani. Daktari aliandika homa ya mapafu. Kila aliyekwenda kumjulia hali, mzee alimuuliza kama Fundi amerudi.

Fundi hakurudi.

Mtoto alipona jioni ileile mlango wa mzee ulipong'olewa. Homa ilishuka, akaomba chai, akala na mkate. Mistari yake kumi na miwili ilifumuka yenyewe akiwa anacheza. Fundi alimbeba mabegani akazunguka naye maduka yote, anacheka peke yake, na watu wakasema jamaa huyu ana bahati.

Ila alitaka kuhama. Alipomwambia jirani wa chumba cha tano kwamba mama wa marehemu ndiye aliyemwokoa, jirani alimtazama kwa kituo.

"Mama yake yupi? Yule mama hakumaliza hata mwezi. Walimzika kando ya mwanawe."

Usiku ule Fundi alianza kufunga mizigo. Mkewe alikuja nyuma yake, akavitoa vyungu, akavirudisha mahali pake kimoja kimoja.

"Mimi sihami," alisema. "Yule dada alitaka mahali pa kukaa tu. Humu hanisumbui. Mchana ananibembelezea mtoto."

"Unazungumza naye?"

"Nazungumza naye kuliko ninavyozungumza na wewe."

Fundi alipunguza maneno tangu siku hiyo. Akawa anachelewa karakana, anachonga vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Na jana, jua linazama, watu wamejaa barabarani na spika za kinyozi zinanguruma, alirudi nyumbani akakuta mlango umefungwa.

Akasukuma. Haukusogea.

Ndani walikuwa wanaongea. Mkewe na mtu mwingine, sauti za chini, za wanawake waliozoeana, na katikati yao kicheko cha binti yake. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Hodi," Fundi alisema.

Hakuna aliyeitikia.

"Mke wangu, ni mimi. Nifungulie."

Aliweka sikio kwenye mbao. Ilikuwa ya baridi, ina jasho. Akamsikia mkewe akiuliza, kwa heshima, kama mpangaji anavyomuuliza mwenye nyumba:

"Nimfungulie?"

Fundi alishusha begi la vifaa chini. Nyuma yake muuza simu alimwita, akamuuliza kama amefungiwa nje leo. Hakugeuka. Alikuwa anasikiliza jibu, amekaza sikio, amebana pumzi.

Jibu hakulisikia. Alichosikia ni komeo la ndani, likifungwa polepole mpaka mwisho.