Mke Aliyebaki Kwenye Picha

Jambo la kwanza lililomshtua Diarmuid Hanrahan lilikuwa dogo tu: mkewe alionekana kwenye picha, na wakati inapigwa mkewe hakuwapo.

Diarmuid alikuwa muuza misumari na rangi katika duka moja la mji mdogo wa Ennistymon. Kupiga picha haikuwa kazi yake. Ulikuwa ugonjwa wake. Kila Jumapili alizunguka na kamera kutafuta mitaa, madaraja, minara iliyobomoka, vilima vya mawe. Nuala, mkewe, alimfuata akimshikia mwavuli na kumtania. Jumapili ya picha ile alisema amechoka, akabaki nyumbani. Na sasa, kwenye picha ya daraja, Nuala alikuwa amesimama ukingoni na koti lake jekundu.

"Nuala, hebu njoo uone. Huyu si wewe?"

Aliyekuwa jikoni hakugeuka. "Wenye makoti mekundu ni wengi, bwana. Kula."

Diarmuid akacheka, lakini puani iliingia harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo.

Jumapili iliyofuata akapiga picha misalaba ya mawe ya kijiji cha Kilfenora. Nuala alikuwamo, peku, kinywa wazi kama anayepiga kelele. Akapiga picha mtaa wa soko. Alikuwamo pia, ila mbali zaidi, mdogo zaidi. Aliporudi nyumbani alimkuta yule mwanamke mezani, amemaliza mkate mzima, anakomba siagi kwa vidole, na alimkazia macho bila kupepesa hata mara moja.

Kulipokucha Diarmuid akakimbilia kwa Gobnait, mjane aliyejua dawa za mambo yasiyosemwa. Bibi alizitazama zile picha, akaenda kufunga mlango.

"Mlikwenda wapi kabla haya hayajaanza?"

"Kwenye lile boma la kale kilimani. Nilimwambia asimame katikati ya duara lake, picha ipendeze."

"Mungu wangu! Hata ng'ombe hawaingii mle."

"Aliogopa, bibi. Nikamcheka. Ukungu ukapita kidogo, halafu akatoka."

"Alitoka nani?" Gobnait alinong'ona.

Diarmuid akazitazama tena zile picha.

"Wenye boma lile humchukua mtu, wakaacha mwenzao mwenye sura yake. Nenda sasa hivi, jua lingali juu. Shika chuma, wanakiogopa. Mwite kwa jina, mkamate, wala usimwachie hata akigeuka nini. Ukimtoa wako, huenda wakamwita wao arudi."

Alipanda kilima na koleo la chuma la dukani mkononi, na alipovuka ukingo wa duara ndege wakanyamaza, upepo ukakata, na ile harufu ya udongo ikamjaa kooni, akaita "Nuala!" mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu mkono wa baridi kama maji ya kisima ukamshika kifundo cha mguu kutoka chini ya majani, naye akaukamata, akavuta, ukawa mwiba, akavuta, ukawa nyoka, akavuta huku akilia na kumwomba msamaha, mpaka wakaanguka wote wawili nje ya duara, na mwanamke aliyelala kifuani pake alikuwa anatetemeka.

"Nilikuwa nakuona," alisema Nuala kwa sauti iliyokauka. "Kila ulipopita na kamera yako. Nilikuita, ukaendelea kupiga picha."

Diarmuid akamwinua. Alimbeba hadi nyumbani. Alikuwa ameshasukuma mlango, mguu mmoja ndani, ngazi za juu zilipolia.

"Diarmuid?" ilisema sauti ya Nuala kutoka juu. "Umechelewa, mume wangu. Huyo uliyekuja naye ni nani?"

Nuala akamshika mkono mpaka kucha zikazama. Wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wakaacha mlango wazi, wakaacha kila kitu.

Sasa wanaishi kwa Gobnait. Kamera iko mtoni. Lakini siku za soko majirani humsimamisha Nuala njiani na kumlaumu: "Jana tulikupungia mkono pale dirishani kwenye nyumba yenu ya zamani, mbona ulitukodolea macho tu?"

Nuala huwaomba radhi, akasema alikuwa na mawazo.