Utomvu Kwenye Kitabu

Kila jioni Tumpe alikaa jikoni na mama yake, Esnath, wakamenya ndizi. Nje mvua ya Mpuguso ilinyesha kwa mwendo wake ule ule usio na haraka. Wiki ile kazi ilizorota. Mama alimenya moja, akafuta vidole kwenye kanga, akafunua ukurasa.

Kilikuwa kitabu cha shule, riwaya ya vijana, ya msichana aliyefiwa na baba siku waliyogombana. Tumpe alikuwa amekimaliza. Mama alikifungua atazame picha tu. Picha hazikuwapo, naye akabaki humo humo.

"Mama, hicho cha watoto!" Tumpe alicheka.

"Na mimi nilikuwa mtoto. Hukuambiwa?"

Esnath alisoma shule ile ile ya Tumpe. Vitabu vilikuwapo. Tena vingi! Vilipangwa kwenye kabati la kioo, likapigwa kufuli, ati visichafuke. Mgeni akija, anaoneshwa: tazama, bado vipya. Kila Ijumaa Esnath alifuta kile kioo, upande wa nje. Wa ndani hakuugusa hata siku moja, mpaka anaacha shule, mwaka aliofiwa na baba yake. Kufuli lilidumu hadi mwaka huu, Mwalimu Winfrida alipohamia kutoka Singida akaomba ufunguo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Lukasi, aliutoa shingo upande. "Kikichafuka kimoja tu, nafunga."

Jioni ile mama aliacha kumenya kabisa. Ghafla alikikumbatia kitabu kwa mikono yenye utomvu, akalia kilio cha msibani.

"Mwe! Mwanangu, nilidhani ni mimi peke yangu."

"Peke yako nini, mama?"

"Baba aliniita nimpe maji, nikajifanya nimelala. Kulipokucha tukamkuta amekufa. Nimelibeba hilo mpaka leo. Huyu mtoto naye alijilaumu, lakini shangazi yake akamwambia, hukumuua. Mimi nani aliniambia? Naye alikuwa mle kabatini, Tumpe, nami nafuta kioo!"

Asubuhi utomvu ulikuwa umekauka, alama nyeusi kurasa nzima. Mama alikuwa hajamaliza kusoma.

"Sema mvua," Vicent, wa darasa lake, alimshauri njiani. "Mvua ya huku haikatai kesi."

Shuleni Tumpe akasema mvua. Mwalimu Lukasi akakinyanyua kitabu.

"Mvua ina rangi hii? Mwalimu Winfrida, nilikwambia. Lete kufuli."

Moyoni Tumpe alimwona mama yake akimenya ndizi miaka yote iliyobaki bila kujua mwisho wa kile kitabu.

"Hapana, mwalimu! Nimedanganya. Ni utomvu wa mikono ya mama. Alikuwa anasoma, akalia." Akaeleza yote, hadi kioo cha kila Ijumaa.

Mwalimu Lukasi alikaa chini. Alikuwa mwalimu kijana hapo hapo enzi za Esnath.

"Esnath," alisema polepole. "Alifiwa, akaacha kuja. Hatukwenda hata kumuuliza." Akalipokea kufuli, akalitia mfukoni. "Mrudishie amalize. Kisha aje achague kingine mwenyewe."

Mwalimu Winfrida akamtoa Tumpe nje. "Ungeng'ang'ania mvua yako, kabati lingefungwa, na sisi tusingejua tumemfungia nani. Ukweli uwahi kuusema, hata kama unatetemeka. Na kitabu kisichoshikwa hakijamsaidia mtu."

Jioni mama alisoma hadi ukurasa wa mwisho, akafunika.

"Kimeisha vizuri, mama?"

"Kwake, ndiyo." Machozi yakamshuka bila sauti. "Mimi kimenikuta nimechelewa, mwanangu. Wewe soma sasa, ungali na umri wake. Na jambo likikuelemea moyoni, uniambie siku hiyo hiyo. Usilifungie."

Akavuta beseni la ndizi, akaendelea kumenya.